Kidonge Kinafanya Kazi Wapi? Dawa za Kisukari, Lehemu na Vidonda vya Tumbo

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Mimi ni mfamasia. Swali ninaloulizwa dirishani kuliko mengine yote ni hili: "Hizi nameza kabla ya kula au baada?" Jibu huwa limeshaandikwa juu ya pakiti kwa maneno matatu au manne, mgonjwa hulisoma akaenda zake. Sababu ya jibu hilo haandikiwi wala haambiwi, kwa kuwa foleni ni ndefu na nyuma yake kuna wengine wanaosubiri. Leo hatuna foleni, kwa hiyo nataka tuzizungumze sababu hizo bila haraka.

Nimechagua makundi matatu: dawa za kisukari, dawa za kushusha lehemu (kolesteroli), na dawa za vidonda vya tumbo. Sikuyachagua kwa bahati nasibu. Mara nyingi yote matatu hukutana ndani ya mfuko wa mtu mmoja. Mtu wa makamo anagunduliwa kisukari cha aina ya pili, anaandikiwa dawa ya sukari. Kwa kuwa kisukari huharibu mishipa ya moyo, anaongezewa ya lehemu. Magoti yanauma, anajinunulia ya maumivu. Tumbo linaanza kuwaka moto, anapewa kapsuli ya tumbo. Hajakaa sawa, ana dawa nne au tano, kila moja na saa yake na sharti lake, na hakuna aliyemwambia zinakwenda kufanya nini humo ndani.

Ninachoamini ni kwamba kila sharti la dawa linatokana na mahali dawa hiyo inapofanyia kazi mwilini. Ukipajua mahali hapo, sharti halihitaji kukaririwa. Na siku dawa ikikuletea jambo usilolitarajia, utajua kama ni la kuvumilia, la kumuuliza mtaalamu, au la kukimbilia hospitali.

Nianze na kisukari, na ndani ya kisukari nianze na ini. Watu wengi hushangaa kusikia ini likitajwa hapa. Wagonjwa wangu huniuliza: "Jana usiku nilikula kidogo sana, sikugusa kitu mpaka asubuhi, mbona nimepima sukari iko juu? Imetoka wapi?" Imetoka kwenye ini. Ubongo wako unahitaji sukari usiku kucha, na kwa kuwa huli ukiwa umelala, ini ndilo linaloitoa. Linayo akiba yake, na akiba ikipungua linatengeneza sukari mpya kutoka kwenye vitu vingine. Homoni ya insulini ndiyo inayoliambia ini lipunguze. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini halisikii vizuri tena amri hiyo. Linaendelea kumwaga sukari kwenye damu ambayo tayari imejaa sukari.

Metformini inafanya kazi hapo. Ukiimeza inapita kwenye utumbo mwembamba, inaingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na huko inapunguza utengenezaji wa sukari mpya. Pia inausaidia mwili kuitikia insulini iliyopo, na utumbo wenyewe unatumia sukari zaidi. Tazameni jambo ambalo haifanyi: haiisukumi kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, itoe insulini zaidi. Ndiyo maana mtu anayetumia metformini peke yake ni nadra sana kushukiwa na sukari hadi kuzirai.

Asili yake ni mmea. Galega officinalis ulitumiwa Ulaya tangu zamani kama dawa ya miti shamba, na ndani yake kuna kemikali iitwayo galegini ambayo hushusha sukari lakini ina sumu. Wakemia walitengeneza ndugu zake walio salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kutumia metformini kwa wagonjwa. Marekani ilichelewa kuikubali hadi miaka ya 1990, na sababu ya kuchelewa inafaa kujulikana. Dawa ya ukoo huohuo, fenformini, ilikuwa imesababisha asidi ya laktiki kujaa kwenye damu za watu hadi wengine wakafa, ikaondolewa sokoni miaka ya 1970. Kwa metformini hatari hiyo ni ndogo mno, ila haijafutika, na inaongezeka figo zinapodhoofika. Metformini haivunjwivunjwi mwilini. Inatoka vilevile ilivyoingia, kupitia figo. Figo zikishindwa, inabaki na kurundikana.

Kwa hiyo daktari anapokuagiza upime figo angalau mara moja kwa mwaka, usidhani anakutafutia ugonjwa mwingine. Anapima kama mlango wa kutokea dawa bado uko wazi. Kiwango cha uchujaji wa figo kikishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, metformini inasimamishwa. Vilevile ukipatwa na kuhara na kutapika kwingi hadi mwili ukakaukiwa maji, wasiliana na mtoa huduma wako siku hiyohiyo, kwa sababu huenda akakuambia uipumzishe mpaka unywe na kula vizuri.

Na kwa nini tunasema imezwe pamoja na chakula? Kwa sababu ya utumbo. Dawa hii inakaa kwenye kuta za utumbo kwa wingi kuliko kwenye damu, na wiki za mwanzo huleta kichefuchefu, gesi na kuharisha. Chakula kinapunguza makali hayo. Ndiyo maana pia huanzwa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 500, kisha ikapandishwa taratibu. Inaniuma ninapomkuta mtu aliyeiacha siku ya nne kwa sababu ya tumbo, bila kujua kuwa kwa wengi hali hiyo hupita, na kwamba kuna vidonge vinavyoyeyuka polepole ambavyo tumbo huvivumilia zaidi. Hivyo vimezwe vizima, visitafunwe wala kusagwa.

Kundi la pili la dawa za sukari linafanya kazi kwenye kongosho. Hapa zimo glibenklamaidi, gliklazaidi na glimepiridi. Kugunduliwa kwake kulianza kwa msiba. Mwaka 1942, mjini Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa. Baadhi yao wakapata degedege, wengine wakafa. Ikaonekana sukari yao ilikuwa imeporomoka. Mwenzake, Auguste Loubatières, akafuatilia na kuonyesha kwamba dawa ile inaiamsha kongosho itoe insulini.

Sasa tunajua inavyofanya. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina matundu madogo ya kupitishia potasiamu. Dawa inayaziba, umeme wa seli unabadilika, kalisi inaingia, na insulini inamwagika. Sikilizeni kwa makini hapa: inamwagika iwe sukari iko juu au iko chini. Dawa haiulizi kama umekula. Ndiyo maana hii humezwa na chakula au muda mfupi kabla yake, na chakula hicho lazima kiliwe. Ukiimeza halafu ukaitwa mahali, ukachelewa kula, unaweza kuanza kutoka jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Wanaokuzunguka wanaweza kudhani umelewa. Tiba ya hapo hapo ni gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, kisha upime tena baada ya dakika 15, na hali ikiwa bado uirudie. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa wazee au wenye figo dhaifu sukari inaweza kushuka, ikapandishwa, ikashuka tena saa kadhaa baadaye. Mimi binafsi huwa na wasiwasi kila ninapoiona kwenye cheti cha mzee anayeishi peke yake, na humpigia simu daktari kuuliza kama hakuna mbadala.

Kundi jingine, ambalo ni jipya kidogo, linafanya kazi kwenye figo. Kila siku figo huchuja takriban gramu 180 za sukari kutoka kwenye damu, kisha huirudisha karibu yote. Anayefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuirudisha ni mbebaji mmoja ambaye ni protini. Dawa kama empaglifozini na dapaglifozini humzuia, na sukari inatoka na mkojo. Wazo lenyewe ni la zamani: kemikali ya kwanza ya namna hii, florizini, ilitolewa kwenye magome ya mtofaa mwaka 1835. Mwaka 2015 utafiti mkubwa wa empaglifozini ulionyesha jambo lililobadilisha matibabu: kwa wenye kisukari na ugonjwa wa moyo, ilipunguza vifo vya moyo, na baadaye ikathibitika kwamba kundi hili hulinda figo pia. Mkojo wenye sukari, hata hivyo, ni makazi mazuri ya fangasi, kwa hiyo muwasho sehemu za siri ni lalamiko la kawaida. Semeni, msione haya. Na ukipata kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu ukiwa kwenye dawa hizi, nenda hospitali hata kama kipimo cha sukari si cha kutisha, maana damu inaweza kujaa asidi wakati sukari inaonekana ya wastani.

Zipo pia sindano zinazoiga homoni ya utumbo ambayo hutolewa tunapokula. Ya kwanza kuidhinishwa, mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyopatikana kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa majangwa ya Marekani. Zinaamsha insulini wakati sukari iko juu tu, zinachelewesha chakula kutoka tumboni, na zinapunguza njaa. Nitaishia hapo kuhusu hizo.

Insulini yenyewe siwezi kuipita haraka, kwa sababu ya maneno ninayoyasikia. "Ukifikishwa kwenye sindano ujue umekwisha." Maneno haya yameua watu. Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa, alidungwa dondoo la kongosho lililotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best. Dondoo la kwanza halikuwa safi vya kutosha. James Collip akalisafisha, na siku chache baadaye sukari ya kijana ikashuka. Kabla ya hapo kisukari cha aina ya kwanza kilikuwa hukumu ya kifo. Leonard aliishi miaka 13 zaidi. Insulini ni protini, na protini ikimezwa tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya protini nyingine yoyote, ndiyo maana hudungwa. Katika aina ya pili, seli za kongosho huendelea kupungua nguvu mwaka hadi mwaka, na inafika siku kwa wengi ambapo hakuna kidonge kinachoweza kuamsha seli ambazo hazipo. Hiyo ni njia ya ugonjwa wenyewe, si adhabu ya aliyekosea. Na mwenye aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja, hata akiwa mgonjwa na hali chakula. Dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri, lakini kuiacha kabisa kunaweza kumuua ndani ya siku chache.

Sasa lehemu. Hapa kazi yangu ni ngumu zaidi, kwa sababu sukari iliyopanda hukusumbua kwa kiu na kukojoa, lakini lehemu iliyopanda haiumi popote. Nakuomba umeze kidonge kila siku kwa ajili ya kitu usichokihisi.

Lehemu si sumu. Kila seli yako ina lehemu kwenye ukuta wake. Homoni za uzazi zinatengenezwa kutokana nayo, na nyongo pia. Sehemu kubwa ya lehemu mwilini haitoki kwenye chakula, huitengeneza mwili wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu mwembamba, anayekula kwa uangalifu, lakini lehemu yake iko juu. Shida ni ile inayosafirishwa katika chembe ziitwazo LDL. Zikizidi kwenye damu kwa miaka mingi zinapenya ukuta wa mshipa, zinazalisha uvimbe wa mafuta na makovu, na siku moja uvimbe huo unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Ukiwa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ukiwa wa ubongo, ni kiharusi.

Aliyetufungulia njia ya kuizuia ni Mjapani, Akira Endo. Alijiuliza: je, haiwezekani kwamba baadhi ya kuvu, katika vita vyake na vijidudu vingine, hutoa kemikali ya kuwazuia adui zake wasitengeneze mafuta ya jamii ya lehemu wanayoyahitaji ili kuishi? Yeye na wenzake walipima zaidi ya aina 6,000 za kuvu. Mwaka 1973 wakaipata kemikali hiyo kwenye kuvu aina ya Penicillium citrinum. Dawa ile ya kwanza haikufika sokoni, lakini mwaka 1987 ndugu yake, lovastatini, iliidhinishwa Marekani. Mwaka 1994 ukatoka utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakipewa simvastatini na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa miaka zaidi ya mitano. Vifo vilipungua kwa asilimia 30. Tangu hapo mjadala kwamba dawa hizi zinaokoa wagonjwa wa moyo ulifungwa.

Statini, yaani dawa yoyote ya ukoo huu wa lovastatini na simvastatini, inazuia kimeng'enya kimoja ndani ya ini, kile kinachoamua kasi ya kutengeneza lehemu. Ila uzuri wake hauko hapo tu. Nyumba iliyofungiwa kisima chake hutoka kwenda kuteka mtoni. Ini likikosa lehemu yake ya ndani, linaotesha vipokezi vingi zaidi juu ya seli zake, na vipokezi hivyo vinazikamata chembe za LDL kwenye damu na kuziingiza ndani. Kwa hiyo damu inasafishwa na ini lenyewe. Waliogundua vipokezi hivyo, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Tukishalijua hilo, masharti yanaeleweka. Kimeng'enya kile hufanya kazi zaidi usiku, na simvastatini haikai muda mrefu mwilini, kwa hiyo humezwa jioni. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu, kwa hiyo saa yoyote inafaa mradi iwe ileile. Ukiacha dawa, kimeng'enya kinarudi kazini, na ndani ya wiki chache lehemu iko pale ilipokuwa. Kipimo kizuri hakimaanishi umepona. Kinamaanisha dawa inafanya kazi. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu huja akinionyesha majibu mazuri kwa furaha kubwa, na papo hapo ananiambia ameshaiacha. Na kwa wanaodhani kumeza mara mbili kutaongeza faida maradufu: kuzidisha dozi ya statini mara mbili hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 zaidi tu, huku madhara yakiongezeka. Daktari akitaka kushusha zaidi, mara nyingi huongeza dawa ya aina nyingine.

Kuhusu misuli. Ni kweli kwamba statini zinaweza kuumiza misuli, na mara chache sana kuivunjavunja kiasi cha kuziba figo. Dalili zake ni maumivu makali ya misuli, udhaifu, na mkojo wa rangi nyeusinyeusi. Hapo acha dawa na uende hospitali. Lakini maumivu mengi yanayosingiziwa statini hayatokani nayo. Uingereza walifanya utafiti wa watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, matokeo yakatoka mwaka 2020. Kila mmoja alipewa kwa zamu, mwezi kwa mwezi, statini, kidonge kisicho na dawa, au bila kidonge kabisa. Asilimia 90 ya maumivu waliyoyapata kwenye statini waliyapata pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, walikuwa hawaongopi. Chanzo chake ndicho kilichokuwa kingine. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Na kwa kuwa humu tuna wenye kisukari, sitaficha: statini hupandisha sukari kidogo. Ni kidogo, na faida kwa moyo inaizidi kwa mbali, lakini ni haki yako kulijua. Anayepanga kubeba mimba, au aliyekwisha kuipata, amwambie daktari mara moja, kwa kawaida dawa hizi husimamishwa.

Tufike tumboni. Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na hasira. Mwaka 1979, mjini Perth, Australia, mtaalamu wa patholojia Robin Warren aliona vijidudu vilivyopinda kwenye vipande vya tumbo lililovimba. Wenzake hawakumwamini, kwani nani angeishi ndani ya asidi ile? Kijana daktari Barry Marshall akaungana naye. Walijaribu kuviotesha maabara wakashindwa mara nyingi, mpaka mwaka 1982 sahani zilipoachwa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya likizo ya Pasaka, na bakteria wakaota. Walikuwa wanahitaji siku zaidi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wa bakteria hao, akaanza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha tumbo lake limevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipata Nobel.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hutoa kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia inapunguza ukali wa asidi pale alipo. Anajichimbia chini ya ute na kuuharibu. Chanzo kikuu cha pili ni dawa za maumivu: aspirini, diklofenaki, ibuprofeni. Mwaka 1971 John Vane alieleza kwamba zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu kwenye goti, lakini tumboni ndizo zinazoagiza ute wa kinga. Ukizizima kwenye goti, umezizima na tumboni. Ndiyo sababu kudungwa diklofenaki badala ya kuimeza hakukuepushi na vidonda: dawa inafika tumboni kupitia damu.

Kila tiba hapa ina mahali pake. Dawa za maji au za kutafuna za kuzimua asidi hufanya kazi kwa asidi iliyokwisha kumwagwa, kwa hiyo hutuliza haraka na huisha haraka. Simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black na kuingia sokoni Uingereza mwaka 1976, ilifunga mojawapo ya amri zinazoziambia seli zitoe asidi. Omeprazoli, iliyofika mwaka 1988, na ndugu zake kama esomeprazoli na pantoprazoli, huziba pampu yenyewe inayosukuma asidi, iwe amri imetoka wapi.

Njia yake ni ya ajabu kidogo. Kapsuli ina chembe zilizofunikwa ili zisiharibiwe na asidi, maana dawa ikikutana na asidi mapema inakufa. Kwa hiyo usizitafune wala kuzisaga. Zinafunguka kwenye utumbo, dawa inaingia kwenye damu, na damu inairudisha kwenye seli za tumbo kwa upande wa nyuma. Pale, na pale tu ambapo pampu inafanya kazi, asidi inaigeuza dawa kuwa kali na inaikamata pampu moja kwa moja. Pampu iliyolala haikamatwi. Chakula ndicho kinachoziamsha pampu. Nadhani mmeshaona ninapoelekea: meza nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, ili dawa iwe ndani ya damu wakati pampu zinaamka. Aliyekula kwanza akaimeza baadaye amepoteza sehemu ya dawa. Na kwa kuwa pampu zote haziamki kwa pamoja, nguvu kamili hupatikana baada ya siku kadhaa. Anayeimeza siku tumbo linapouma tu, kisha akasema haimsaidii, hakuipa nafasi.

Omeprazoli peke yake, hata hivyo, haimuui bakteria. Aliyepimwa akakutwa naye anahitaji antibayotiki angalau mbili pamoja na dawa ya asidi, mara nyingi kwa siku 14, kisha apimwe tena wiki nne au zaidi baada ya kumaliza. Dawa ya asidi isimamishwe wiki mbili kabla ya kipimo cha pumzi au cha choo, la sivyo bakteria anajificha na kipimo kinadanganya. Siku ya tano tumbo litakuwa limetulia, lakini usiziache dawa hapo. Kidonda kinapoa, bakteria bado wapo, na waliobaki ndio wagumu. Choo cheusi cha kunata, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kooni: hayo si ya kapsuli, ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Nimalizie pale makundi haya matatu yanapokutana, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia bila kujua. Antibayotiki inayotumika sana dhidi ya bakteria wa tumbo ni klarithromaisini. Dawa hii huzuia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja simvastatini. Ukizimeza pamoja, simvastatini inapanda kwenye damu mara nyingi zaidi ya kawaida, na misuli inaweza kuvunjika. Hazitakiwi kukutana kabisa. Statini husimamishwa mpaka antibayotiki iishe, na atorvastatini nayo inahitaji uangalifu. Juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi ina tabia hiyohiyo. Klarithromaisini hiyo hiyo inaweza pia kuongeza nguvu ya glibenklamaidi na kuiporomosha sukari. Daktari wa tumbo aliyeandika klarithromaisini huenda hajui kwamba kliniki ya kisukari ilikupa zile nyingine. Wewe ndiye unayejua.

Jambo la pili ni vitamini B12. Metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake, na asidi ya tumbo, ambayo omeprazoli huipunguza, inahitajika ili kuitoa vitamini hiyo kwenye chakula. Mwenye zote mbili kwa muda mrefu yuko kwenye hatari kutoka pande mbili. Upungufu wake huleta uchovu, upungufu wa damu, na ganzi ya miguu. Ganzi hiyo kila mtu huisingizia kisukari, hata daktari, na mgonjwa anaendelea kufa ganzi wakati kipimo cha damu na sindano za vitamini vingemsaidia. Kama una miaka kadhaa kwenye metformini na omeprazoli na miguu inakufa ganzi, omba kipimo cha B12 kwa jina lake.

Na aliye kwenye omeprazoli miezi na miezi aulize kama bado anaihitaji. Wapo wanaoihitaji kwa haki, hasa wanaotumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo na waliowahi kutoka damu tumboni, hao wasiiache. Wengine walipewa ya wiki nne na hakuna aliyewaambia waache. Wanapojaribu kuacha ghafla asidi inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa, wanadhani ugonjwa umerudi, wanaendelea. Ipunguzwe kidogo kidogo, kwa kushauriana na aliyeiandika.

Mezani pale nyuma nimeweka karatasi. Andikeni dawa zote mlizonazo nyumbani, pamoja na za maumivu mnazojinunulia na za mitishamba, na saa mnazozimeza. Mkimaliza nileteeni, nitakaa na kila mmoja tuzipitie. Wenye maswali ya jumla wanaweza kuanza sasa.